NDUGU ZETU WA SOMALIA NA ILE "NUSU"



Ndugu zangu, tangu Somalia iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki naulizwa hapa Mbagala baada ya swala: "Sheikh, si tufurahi, nchi ya Waislamu imeingia?" Tufurahi, ndiyo. Waliomba mwaka 2012, wakakubaliwa Arusha Novemba 2023. Lakini mkataba wa Jumuiya unataka nchi inayoingia ishike demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu. Hapo nina neno.

Tangu mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, Wasomali wanagawana madaraka kwa hesabu ya "nne na nusu". Koo nne kubwa, kila mmoja fungu zima. Waliobaki wote, kwa pamoja, nusu fungu. Bunge lina viti 275: kila ukoo mkubwa 61, hao wengine wote 31.

Ni nani hao wa nusu? Wamo watu wa Barawa, wenye Kiswahili chao, Chimwini. Sheikh Uways aliyeeneza Qadiriyya mpaka kwetu ni wa mji huo. Wamo Wabantu wa Mto Juba, ambao wengi wao wazee wao walitolewa huku kwetu karne ya 19 wakauzwa utumwani. Wapo wanaosema Kizigua mpaka leo! Vita vya 1991 viliwarudisha baadhi yao Tanga, wakapewa makazi Chogo, Handeni, na wengine uraia. Kule wanaitwa "jareer", wenye nywele ngumu. Na wanaowaita hivyo wanasimama nao safu moja msikitini.

Msiniambie hayo ni ya Waislamu wenyewe, tuyafunike. Siku ya kufunguliwa Makka, Mtume (s.a.w.) alimpandisha Bilal juu ya Al-Kaaba akaadhini. Wapo Makureishi waliochukia. Hakumshusha kwa ajili yao. Someni Suratul Hujurat aya ya 13, mtazame wafasiri wanavyoitaja habari hiyo.

Machi 2024 bunge lao lilipitisha mabadiliko ya katiba ili kila mtu apige kura yake mwenyewe, jambo ambalo nchi nzima haijalifanya tangu 1969. Puntland wameyakataa. Mimi nayaona mema, ila nina hofu: kura ikihesabiwa kwa wingi tu, mnyonge anaweza kukosa hata hivyo viti 31. Anahitaji pia mahakama itakayomsikiliza shamba lake likiporwa. Hilo wabunge wetu wa Afrika Mashariki waliulize wazi.

Na wewe usiende kumsimanga Msomali jirani yako mwenye duka. Hakuchagua ukoo. Kwanza tujitazame: nimefungisha ndoa nyingi, na posa nilizoona zikirudishwa kwa neno "huyo asili yake hatuijui" zilikuwa za Waislamu, waswalihina, wenye mahari mkononi.

Wabillahi tawfiq.