Safari ya Muscat na Watoto: Tulipunguza Matembezi, Tukaongeza Siku

Shukurani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), aliyewatandikia waja wake ardhi pana na akawataka watembee humo wapate mazingatio.

Wazazi wengi miongoni mwetu huona kuwa kusafiri nje ya nchi pamoja na watoto ni anasa ya wenye nacho, au ni usumbufu usio na faida, kwa kuwa mtoto hakumbuki kitu. Sisi tunaona kinyume chake. Safari iliyopangwa vizuri ni sehemu ya malezi, na mtoto hukumbuka sana, ila hukumbuka yale aliyopewa nafasi ya kukaa nayo. Kwa ajili hiyo tumependa kuwasimulia wasomaji wa ukurasa huu safari yetu ya siku nane, kutoka Tanga hadi Muscat, mji mkuu wa Oman, katika likizo ya Desemba. Tulikuwa watano: baba, mama, binti wa miaka kumi na mmoja, mvulana wa miaka minane na mdogo wao wa miaka mitatu.

Sababu ya safari ilikuwa kuunga udugu. Marhumu baba yetu alikuwa na dada yake mmoja tu, aliyeondoka Unguja akiwa msichana katika miaka ya 1960 na kuishia Muscat. Baba amefariki bila ya kuonana naye tena. Shangazi sasa ni mtu mzima sana, macho yake yamepungua nuru, na watoto wetu walimjua kwa sauti ya simu peke yake. Tulihofu kuwa tukichelewa, jina lake litabaki kwao kuwa jina tu.

Matayarisho yalichukua miaka mitatu. Tuliweka kibubu nyumbani, na tukaafikiana tangu mwanzo kuwa hatutakopa hata senti, kwani safari ya deni huendelea kulipwa hata furaha yake ikishasahaulika. Kila mtoto alikatiwa pasi yake mapema. Kuhusu viza, tuliuliza ubalozini wala hatukutegemea maneno ya vijiweni, kwa kuwa masharti hubadilika. Tulichagua Desemba kwa makusudi. Mwezi Juni joto la Muscat hupita nyuzi 40, na mtoto mdogo hawezi kutembea mchana. Desemba hali ya hewa ni ya kupendeza, na jioni kuna ubaridi mwepesi.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao kiongozi. Tuliongeza kuwa kila anayeongozwa naye awe na amana yake. Binti alikabidhiwa daftari la nyakati za swala, mvulana akawa mhesabu mabegi, na mdogo akapewa dhamana ya chupa yake ya maji. Mtoto mwenye kazi halalamiki sana njiani.

Jambo gumu lilikuwa kupunguza. Watoto walitaka kuona jangwa, kasa wanaotaga mayai ufukweni Ras al Jinz, na Dubai pia. Tulikaa shura ya familia, tukahesabu siku na fedha, tukafuta yote matatu ili siku tatu kamili ziwe za shangazi. Mvulana wetu alilia kwa ajili ya jangwa. Hatukumkemea, tulimweleza kuwa jangwa litakuwepo mwakani, na bibi yake tunamwombea awepo.

Ndege kutoka Dar es Salaam huchukua muda wa saa tano na ushei, na saa za Muscat zimetutangulia kwa saa moja tu, hivyo usingizi wa watoto haukuvurugika. Ndege inapopaa na inapotua, mpe mtoto kitu cha kunywa au kunyonya ili masikio yasimuume. Ama swala, njiani tulikusanya na kupunguza. Tulipofika, kwa kuwa tulinuia kukaa zaidi ya siku nne, tuliswali kamili kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi. Binti aliyaandika hayo yote daftarini, na nadhani somo la swala ya msafiri halitamtoka tena.

Asubuhi ya Alhamisi tuliingia Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Zulia la ukumbi wake mkubwa lina urefu wa meta 70 na upana wa meta 60, lina uzito wa tani 21, na wanawake wa Kiirani wapatao 600 walilifuma kwa miaka minne. Sisi tunaohangaika na mikeka ya msikiti wa mtaa tulisimama kimya. Mvulana alilipima kwa hatua hadi akapoteza hesabu.

Jioni tulikwenda suuq ya Mutrah, nyuma ya bandari ya zamani. Kila mtoto alipewa riyali mbili atumie apendavyo, na hapo walijifunza kuwa riyali moja ina baisa 1,000. Harufu ya ubani wa Dhofar ilijaa vichochoroni, na mdogo akasema panafukizwa kama nyumbani. Haikupita muda, muuza halua akatusikia tukizungumza, akatujibu kwa Kiswahili.

Siku moja tuliitoa kwa Nizwa, umbali wa takriban kilomita 160. Ngome yake ilijengwa katika karne ya 17 na Imam Sultan bin Saif, ambaye ndiye aliyewafukuza Wareno Muscat mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliichukua Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Watoto walioona ngome ya Mombasa kwenye vitabu vya shule walifahamu papo hapo kuwa bahari haikuwa ukuta bali njia. Kilichowavutia zaidi ni matundu ya juu ya milango, ambamo asali ya tende iliyochemshwa ilimiminwa juu ya maadui.

Karibu na hapo tuliona falaj, mifereji ya kale inayoleta maji mashambani kwa mteremko tu, bila ya pampu. Maji hugawanywa kwa zamu za muda, na zamani muda huo ulipimwa kwa kivuli cha jua mchana na nyota usiku. Tuliwatia watoto miguu majini, tukawaambia: haya ndiyo maji yasiyogombewa, kwa sababu kila mtu anaijua zamu yake.

Siku tatu za mwisho tulikaa kwa shangazi. Watoto walimwamkia shikamoo, akawashika nyuso mmoja mmoja kwa viganja vyake. Walicheka aliposema “skuli” na “chuoni”, naye akacheka walivyocheka. Siku ya pili alitoa mkoba wenye barua za kaka yake za miaka ya 1970, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Yeye hazioni tena, na wajukuu zake wa huko Kiswahili wanakisikia lakini hawakisomi. Binti yetu, aliyejifunza herufi hizo madrasa, akazisoma kwa sauti. Alipokwama, shangazi alimalizia sentensi kwa moyo. Barua moja iliahidi: “Mungu akipenda, mwakani nitakuja.” Mvulana, ambaye hakumdiriki babu yake, aliuliza: “Kwa hiyo sisi ndio tuliokuja?” Shangazi akamjibu kuwa ndiyo.

Ndugu wazazi, tunashauri mambo machache. Wekeni akiba bila ya kukopa. Washirikisheni watoto katika kupanga na katika kukosa. Pungumzeni sehemu za kutembelea, muongeze siku za kukaa. Na kama mna jamaa wa damu ng’ambo ya bahari, waanzeni wao kabla ya majumba ya kuvutia, kwani jengo humsubiri mgeni na mwanadamu ana ajali yake.

Wabillahi tawfiq.