Bahari Mbili, Vuli Moja

Vuli ya Unguja haina majani ya kupukutika. Ina maleleji, upepo usiojua uelekee wapi baada ya kusi kuchoka na kabla ya kaskazi kushika. Ina mvua za ghafla, na bahari yenye rangi ya risasi. Huko Ulaya, majira kama hayo yanapoingia, wasomaji hutafuta riwaya za ukungu, minara ya taa na nyumba pweke za ufukweni. Msomaji wa visiwani naye ana riwaya yake ya vuli, wala haimlazimu kuifuata mbali.

Mzee mmoja wa Mji Mkongwe aliichagua By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2001, miaka 20 kabla ya mwandishi huyo mzaliwa wa Zanzibar kutunukiwa Nobel ya Fasihi. Si Nobel iliyomvuta. Aliambiwa kuwa ndani yake mna kesi ya nyumba, naye alikuwa na yake: nyumba ya marehemu baba yao ilimtenga na mdogo wake miaka mingi, hata wakikutana msikitini hawavuki salamu.

Akaisoma kando ya dirisha, mvua ikirindima juu ya mabati. Hadithi yaanza Novemba. Saleh Omar, mzee aliyewahi kuwa muuza samani, anashuka uwanja wa Gatwick kuomba hifadhi. Pasipoti yake ina jina la mtu mwingine. Mzigoni mna kijisanduku cha udi, nacho afisa wa uhamiaji anakichukua. Baadaye anapewa makazi katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza. Bahari ipo, lakini si ile inayomjua.

Hapo ndipo ulipo ustadi wa Gurnah. Baridi na upweke havikuwekwa viwe pambo la hadithi. Vinamfungia Saleh ndani, na aliyefungiwa hana kazi ila kukumbuka: mfanyabiashara Hussein aliyekuja na pepo za msimu, mkopo, hati ya nyumba, na familia iliyoipoteza nyumba hiyo. Kisha mlango unabishwa. Ni Latif, mwana wa familia ile, sasa mshairi na mwalimu wa chuo kikuu London. Utotoni alitumwa kwa Saleh kuomba meza ndogo ya mpingo, akarudi mikono mitupu. Meza ile hakuisahau.

Watu hao wawili wanakaa, wanazungumza. Kila mmoja amebeba nusu ya kisa miaka yote akidhani ndicho kisa kizima. Gurnah hawapatanishi kwa hotuba. Anawaachia muda, chai na giza la mapema, mpaka kila mmoja asikie asiloweza kulijua peke yake.

Mzee alipofunga kitabu hakuwa amemsamehe mdogo wake, wala hakujiona mkosa. Alitambua tu kwamba kisa cha nyumba ile hajawahi kukisikia kutoka upande wa pili. Wakili alimsomea barua. Jirani walimletea maneno. Ndugu mwenyewe hakumuuliza.

Mvua ilipopusa, akamwita mjukuu wake.

"Nenda Ng'ambo kwa babu yako mdogo. Mpe salamu, kisha mwambie kahawa ya leo alasiri nitakuja kuinywa kwake."