Hadyi ya Mama na Mbuzi wa Malindi



Mama yetu alipojaaliwa safari ya Hija, sisi wanawe tulikaa kitako kujadili jambo moja: hadyi yake ichinjwe wapi? Mvua zilikuwa zimekatika, na huko Ganze na Magarini nyumba nyingi hazikuteleka. Je, si bora mnyama huyo achinjwe huku kwetu, jirani wenye njaa wapate kitoweo?

Huruma hiyo ni njema, lakini ibada ina mahali pake. Mama alinuia Tamattui: afanye Umra katika miezi ya Hija, atoke katika ihramu, kisha ahirimie Hija. Hadyi ya namna hii Sura ya Hajj imeielekeza kwenye Nyumba Kongwe. Mtume (S.A.W.), katika Hija ya kuaga mwaka wa 10 Hijria, alichinja ngamia 63 kwa mkono wake huko Mina, akafundisha kuwa Mina yote ni machinjio, na njia za Makka vilevile. Basi hujaji ana wasaa, mradi asitoke nje ya mipaka ya Haram. Arafa, kwa mfano, iko nje. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, nyama ni haki ya maskini wa Haram.

Aliyezuiliwa njiani ana hukumu yake: huchinja alipozuiliwa, kama Mtume alivyochinja Hudaibiya mwaka wa 6 Hijria. Asiyeweza kupata mnyama hufunga siku 3 katika Hija na 7 arejeapo kwao. Lakini hadyi ya mwenye uwezo ikichinjwa Malindi huwa sadaka tu, na deni la Hija hubaki shingoni.

Jirani zetu je? Hao wana udhiya, ambayo haikufungiwa Makka. Mama alilipia hadyi yake huko huko. Nasi tukachangishana, tukanunua mbuzi, tukamchinja baada ya sala ya Idi, na nyama ikafika Ganze siku ile ile.

Akina mama wenzetu, kabla msafiri wenu hajaondoka, tengeni mafungu mawili: la hadyi alichukue yeye, la udhiya libaki nyumbani. Hivyo haki ya Mola hutimia, na ya jirani haipotei.