Chuo Kisicho na Bweni

Ukishuka daladala pale Kinondoni, karibu na viwanja vya Biafra, Barabara ya Kawawa, utakuta makao ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Usitegemee kuona vijana wamejilaza kwenye majani na madaftari yao kama kule Mlimani. Hapa wengi huingia mbio, wakachukua kilichowaleta, wakarudi kazini. Mimi ni mmoja wao.

Baba mkubwa haelewi. "Chuo gani hicho hakina bweni? Unalala nyumbani, unakula nyumbani, halafu unasema uko chuo kikuu?" Kwake yeye chuo kikuu ni safari: begi, godoro, na watu wa kukusindikiza stendi. Simlaumu. Katika kizazi chake waliofika huko walihesabika, na mtaa mzima uliwajua kwa majina.

Lakini hata Mlimani yenyewe haikuanzia mlimani, bwana. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, ilianza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Huko juu walihamia 1964, na kuwa chuo kikuu kinachojitegemea ilikuwa 1970. Nilipomweleza Baba mkubwa alinyamaza kidogo, akasema, "Basi walau walikuwa na jengo." Mzee mbishi huyu!

Huria kilizaliwa kwa shida nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 90 nchi nzima ilikuwa na vyuo vikuu viwili vya umma, Mlimani na Sokoine kule Morogoro. Nafasi zilikuwa finyu, na mwalimu mwenye watoto wanne kule Kigoma asingeweza kuacha chaki na familia aje kukaa bweni Dar. Waingereza walishaanzisha chuo cha namna hii tangu 1969. Kwetu, Bunge lilipitisha Sheria Na. 17 ya 1992, chuo kikaanza kazi Machi 1993, na tarehe 19 Januari 1994 John Malecela akasimikwa kuwa Mkuu wa Chuo wa kwanza. Shughuli za kila siku aliachiwa Profesa Geoffrey Mmari, ambaye tayari alikuwa ameshaiongoza Mlimani. Wahitimu wa kwanza hawakupatikana mpaka 1999. Nawafikiria sana wale. Miaka yote ile, simu za mkononi bado adimu, mtu anasubiri bahasha ya masomo, na majirani wanamcheka eti anasoma kwa posta.

Sisi tuna nafuu. Desa liko kwenye simu. Ila usiku wa Tandika si wa kusomea: jirani ana spika za singeli, na umeme ukikatika joto linakuamsha hata kama ulikuwa hujalala. Napiga kitabu saa tisa usiku, mtaa ukiwa umetulia. Hiyo "huria" ina ukali wake, nakwambia. Hamna wa kukugongea mlango akuulize umesoma au la. Ukiacha, unaacha kimyakimya, wala hakuna atakayejua isipokuwa wewe na ada yako.

Ndo maana napenda siku za kukutana ana kwa ana. Utamkuta askari polisi, muuguzi aliyetoka zamu, mzee mwenye mvi kuliko mhadhiri. Mama mmoja huja na mtoto mgongoni, na mtoto akilia tunapokezana kumbeba. Kwa sisi tunaotaka kuandika, hadithi ziko pale tele.

Mimi sikuchagua Huria kwa mapenzi. Baba alifariki nikiwa kidato cha sita, na nina wadogo wawili. Ningekwenda bweni, nani angenunua unga? Nafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi, na tajiri wangu, jina nalihifadhi, aliniambia mwaka wa kwanza: mtihani au kazi, chagua. Ilikuwa wiki mbili za mitihani. Mdogo wangu wa kike, wakati ule kidato cha tatu, alikuwa likizo. Alikaa kibandani siku zote zile badala yangu, bila malipo, akajifunza kutoa karatasi zilizokwama kwenye mashine kuliko hata mimi. Jioni nikirudi ananikabidhi hesabu, halafu ananiuliza swali la kwanza lilikuwaje.

Sasa naye yuko kidato cha sita. Anataka Mlimani, akae bweni, aishi kama wanafunzi wengine. Nimemwambia matokeo yakitoka aombe. Mimi nimebakiza masomo manne, na tajiri bado hajasema lolote kuhusu ruhusa.