Kabla Hujalipia Hiyo Dhahabu

Leo sihubiri. Nataka tukae chini tuongee juu ya dhahabu na fedha, kwa sababu tangu bei ya dhahabu ivuke dola 4,000 kwa aunsi mwezi wa Oktoba 2025, simu yangu haijapumzika. Mama mmoja aliyestaafu ualimu ananiuliza kama aweke pesa zake zote za kustaafu huko. Kijana wa kwaya ameona video na sasa anataka kukopa kwa simu ili anunue. Na ndugu mmoja aliniomba dakika tano za matangazo siku ya Jumapili, alitangazie kanisa dhahabu ya Migori kwa nusu bei. Nilimnyima. Alikasirika, na Jumapili iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Wengine wenu mmeniuliza kwa nini. Nitafika huko.

Kwanza ujue hivi: kununua dhahabu si dhambi, wala si kukosa imani. Fungua Yeremia 32 usome polepole. Nabii yuko kizuizini, Wababeli wameuzingira mji, na Mungu mwenyewe amemwambia anunue shamba la Anathothi. Muuzaji ni Hanameli, mtoto wa ami yake. Yaani neno la Bwana lipo na undugu wa damu upo. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "tuaminiane tu," ni yeye. Lakini Yeremia alitoa mizani, akapima shekeli 17 za fedha. Akaandika hati, akaita mashahidi wakatia sahihi. Hati zilikuwa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine wazi, na akamwagiza Baruku aziweke ndani ya chombo cha udongo zisiharibike. Alipima, akashuhudiwa, akahifadhi. Mimi kila nikisoma hapo najiuliza: sisi tunaotuma laki tatu kwa M-Pesa kwa sababu muuzaji anajua kuomba, tumejifunza wapi?

Sasa tushike mizani yetu. Bei unayoisikia kwenye habari ni ya dola, na ni ya aunsi moja ya dhahabu safi. Aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1, si ile ya 28 na kitu inayotumika kupima vitu vya kawaida. Kwa hiyo kama aunsi ni dola 4,000, gawa kwa 31.1 upate kama dola 128.6 kwa gramu. Zidisha kwa bei ya dola siku hiyo. Dola ikiwa shilingi 129, gramu moja safi ni karibu shilingi 16,600. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe, kwa simu yako, kabla hujaongea na mtu yeyote.

Halafu uliza karati. Karati 24 ndiyo safi, na hupigwa muhuri wa 999. Karati 22 ni 916, maana yake sehemu 916 kati ya 1,000 ni dhahabu. Karati 18 ni 750. Karati 9 ni 375, zaidi ya nusu yake ni madini mengine. Ukipewa mkufu wa karati 18 wa gramu 10, usihesabu gramu 10 za dhahabu. Umeshika gramu saba na nusu.

Ninyi mlio kazini Ghuba, hili linawahusu sana. Najua mnapita soko la dhahabu la Deira kule Dubai mkirudi nyumbani. Bangili ni nzuri, na akina mama wa Pwani wamejua tangu zamani kwamba bangili ni akiba ya kuvaa mkononi. Lakini dukani unalipa dhahabu pamoja na ujira wa sonara. Siku ya kuuza, sonara anapima uzito tu, na ule ujira hurudishiwi. Vaa bangili yako kwa furaha, ila usiniambie ni uwekezaji kama ya kipande cha mche au sarafu. Sarafu kama Krugerrand ya Afrika Kusini, inayotengenezwa tangu 1967, hulipiwa kidogo tu juu ya thamani ya dhahabu iliyomo. Ina aunsi moja kamili ya dhahabu safi, ingawa yenyewe ni karati 22 na ina uzito wa karibu gramu 33.9 kwa sababu ya shaba iliyochanganywa isikwaruzike haraka.

Fedha nayo? (Kiswahili chetu kinachekesha hapa, kwa kuwa fedha ni madini na fedha pia ni pesa, na hapo zamani vilikuwa kitu kimoja kweli.) Wengi mnaikimbilia kwa sababu ni ya bei ya chini. Sawa, lakini thamani ile ile ya dhahabu inayotoshea kwenye kiganja, kwa fedha utabeba mfuko. Inabadilika rangi ikawa nyeusi. Na bei yake hurukaruka kuliko ya dhahabu. Januari 1980 ilikaribia dola 50 kwa aunsi, baada ya ndugu wawili matajiri wa Texas, akina Hunt, kununua nyingi mno, sehemu kubwa kwa pesa za mkopo. Tarehe 27 Machi mwaka huo huo ilikuwa chini ya dola 11. Kijana wangu wa kwaya, nimekuandikia sentensi hiyo wewe. Mabilionea walikopa wakanunua, na waliowakopesha wakaja mlangoni. Wewe mkopo wa simu utakuamsha kila mwezi, na dhahabu haizai. Haina riba kama dhamana ya serikali, haina gawio kama SACCO. Inakaa tu.

Hata dhahabu yenyewe imeshawachosha watu. Mwezi huo huo wa Januari 1980 ilifika dola 850. Ilichukua mpaka Januari 2008 kuipita bei hiyo. Miaka 28! Aliyenunua siku ile mtoto wake akiwa mchanga, alikuja kuona pesa yake ikirudi mtoto akiwa na watoto wake.

Na sisi wa shilingi tuna mzigo wa pili ambao zile video za Marekani hazitaji. Katikati ya Januari 2024 aunsi ilikuwa kama dola 2,050 na dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Hiyo ni shilingi 328,000. Mapema Aprili dhahabu ilikuwa imepanda hadi kama dola 2,300. Sifa kwa Bwana? Ngoja. Shilingi nayo ilikuwa imepata nguvu, dola imeshuka hadi karibu 131. Piga hesabu: shilingi 301,300. Dhahabu imepanda, na mwenye dhahabu hapa Kenya amepungukiwa shilingi elfu 26 na zaidi. Pesa ya karo ya muhula ujao haina kazi ndani ya dhahabu.

Kama hutaki kulala na kipande cha dhahabu chini ya godoro, na mimi nisingetaka, Soko la Hisa la Nairobi limekuwa na NewGold tangu Machi 2017. Unanunua kwa dalali wa hisa kupitia akaunti ya CDS. Kila kipande kilibuniwa kifuate karibu sehemu moja ya mia ya aunsi, na hupungua polepole kwa gharama za utunzaji. Ubaya wake ni kwamba wanunuzi ni wachache, kwa hiyo siku ya kuuza unaweza kungoja.

Sasa turudi kwa yule ndugu wa nusu bei. Sikumwita mwizi. Nilimuuliza maswali matatu ofisini, milango wazi, mzee mmoja wa kanisa akiwepo. La kwanza: leseni iko wapi? Sheria ya Madini ya 2016 inataka anayefanya biashara ya madini awe nayo. La pili: tutakubaliana tupeleke mzigo kwa sonara tutakayemchagua sisi, apime mbele yetu kabla ya senti moja kutoka? La tatu ndilo lililomtoa jasho. Dhahabu ya kweli ina wanunuzi wa bei kamili kila siku, Nairobi mpaka Dubai. Kwa nini uwaache hao, uje kuwauzia wajane wa kanisa letu kwa nusu?

Alisema ni kwa ajili ya kubariki watumishi wa Mungu. Kwa sonara hakutaka kwenda. Alinionyesha kipande, kizito kweli, kinang'aa. Mpendwa, mng'ao si kipimo. Shaba hupakwa dhahabu. Hata uzito peke yake unaweza kudanganya, kwa sababu kuna madini yanaitwa tangsteni ambayo uzito wake kwa ujazo ni karibu sawa kabisa na wa dhahabu: 19.25 kwa 19.3. Ndiyo maana wanaojua hutumia mashine ya kusoma madini yaliyomo, na pale wanapotilia shaka wanakata.

Mwalimu wangu mstaafu nilimjibu hivi, na sina siri: toa kwanza pesa ya dawa na chakula cha mwaka mzima, uiweke mahali utakapoifikia kesho asubuhi. Kilichobaki, kikubwa kiwe mahali kinapozaa kidogo kidogo. Ukibaki na hamu ya dhahabu, chukua sehemu ndogo ambayo hata ikipungua nusu utalala usingizi. Na kabla hujanunua, muulize muuzaji: leo hii nikikurudishia, utanilipa ngapi? Mwache aandike. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo gharama yako halisi.

Nimesikia kwamba wawili watatu kati yenu mlishatuma "pesa ya kushikilia mzigo." Kama ni wewe, nisikilize. Utapigiwa tena uambiwe kuna kodi, kisha kibali, kisha ndege. Usitume ya pili. Usifute jumbe za M-Pesa wala sauti za WhatsApp. Piga picha za kila kitu, uende kituo cha polisi ukaandikishe. Kama unaogopa kwenda peke yako, au hujamwambia mume wako bado, nipigie, hata usiku. Nitakuja na mke wangu na tutaenda pamoja, na Jumapili hakuna atakayesikia jina lako kutoka kwenye madhabahu.