Nani aingie Nyumba ya Heshima ya madereva? Ubishi wa Sange

SANGE, Uvira – Kwenye kituo cha pikipiki kando ya barabara ya kitaifa namba 5, kuna ubishi ambao safari hii hauhusu mpira. Motari mmoja aliona kwenye simu yake picha za nyumba kubwa iliyoko Charlotte, Marekani, ambamo majina na magari ya madereva mashuhuri wa mbio yanatunzwa. Akauliza: nyumba kama hiyo ikijengwa huku kwetu Afrika ya Mashariki na Maziwa Makuu, nani aingie wa kwanza?

Wabishi ni wengi, ila wakubwa wao ni wawili. Wa kwanza ni motari mwenyewe. Wa pili ni mzee aliyeendesha kamyo kati ya Uvira na Bukavu kwa zaidi ya miaka 20, mpaka macho yalipopungua nguvu. Kijana anaamini hesabu: umeshinda mara ngapi? Mzee ana swali lake: ulifika?

Nyumba ya Charlotte ilifunguliwa Mei 2010. Ni ya mbio ambazo zilianza na magari ya kawaida, yale yale ambayo mtu alinunua dukani kumpeleka mke wake sokoni. Ili dereva apendekezwe, kwa kawaida inabidi awe amekimbia kwa miaka isiyopungua 10 na awe ameacha mbio, kisha wapiga kura wanachambua kazi yake yote. Katika watano wa kwanza alikuwemo Richard Petty, mwenye ushindi 200 na ubingwa mara 7, na Dale Earnhardt, ubingwa mara 7 na ushindi 76, aliyefia uwanjani Daytona mwaka 2001. Alikuwemo pia Junior Johnson, ushindi 50, ambaye ujuzi wake aliupata usiku akikimbiza pombe ya magendo huku polisi wakiwa nyuma yake. Alifungwa kwa sababu ya mtambo wa pombe wa baba yake. Wanaojua njia za kanyanga katika bonde la Ruzizi walicheka sana hapo.

"Mzee, mia mbili ni mia mbili," alisema motari. "Hapo hakuna maneno."

Maneno yapo. Mwaka 2015 nyumba hiyo hiyo ilimpokea Wendell Scott wa Danville, Virginia. Alianza mashindano 495, akashinda moja tu. Alikuwa mtu mweusi wakati ambao watu weusi wa kusini mwa Marekani walizuiwa kukaa na wazungu hata kwenye meza ya mkahawa. Gari lake lilikuwa kuukuu, akilitengeneza mwenyewe pamoja na wanawe. Tarehe 1 Desemba 1963, mjini Jacksonville, alishinda, lakini kombe akapewa mzungu, Buck Baker. Watazamaji walipokuwa wamekwisha kwenda ndipo wakubwa wa mashindano walikubali kwamba hesabu ya mizunguko ilikosewa. Scott alikufa mwaka 1990. Familia yake ilikabidhiwa kombe kwa ajili ya ushindi ule mwaka 2021.

Kwa hiyo hata huko, moja iliweza kukaa nyumba moja na mia mbili. Mzee aliposikia hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema turudi kwetu.

Kwetu, kitu kilicho karibu na mbio hizo ni Safari Rally. Ilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi ilikimbiwa siku za Pasaka, mvua zikinyesha, na wazee wa huku waliifuata kwa redio. Barabara haikufungwa. Dereva wa mbio alikutana na mabasi, ng'ombe na mama mwenye kuni kichwani, kama dereva mwingine yeyote. Kila kituo kilikuwa na karani mwenye saa na daftari: ukichelewa dakika, unaandikiwa adhabu, na mwenye adhabu chache kuliko wote ndiye mshindi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena.

Mtu wa kijana ni Shekhar Mehta, na ni vigumu kumpinga. Alizaliwa Kampala mwaka 1945. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na familia ya Mehta ikalazimika kuondoka kama wengine. Mwaka uliofuata, akitokea Kenya, Mehta alishinda Safari kwa Datsun 240Z. Ushindi ule ulikuwa mwembamba kama uzi: yeye na Msweden Harry Källström walimaliza wakiwa na adhabu sawa, ikabidi kanuni ya kuwatenganisha waliolingana itumike. Kisha akashinda 1979, 1980, 1981 na 1982, miaka minne mfululizo, mbele ya makampuni yaliyokuja na helikopta na makontena ya vipuri. Jumla mara 5. Carl Tundo wa Kenya alimfikia kwa idadi mwaka 2018, ila wakati huo Safari haikuwa katika ubingwa wa dunia. Ajali mbaya nchini Misri mwaka 1987 ndiyo iliyomtoa Mehta kwenye usukani. Alikufa London mwaka 2006.

Wengine kituoni walimtaka Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo iliyokwisha kukimbizwa na wengine kabla yao. Mwaka 1974 alishinda kwa Mitsubishi Lancer, Björn Waldegård akibaki wa pili na Porsche yake. Mwaka 1976 akashinda tena, na Mitsubishi ikachukua nafasi zote tatu za mbele. Fuso zinazopita Sange kila siku zikiwa na mihogo na mbao ni za ukoo huo huo, jambo ambalo madereva wa Fuso walilipokea kwa fahari isiyo na kiasi.

Mtu wa mzee lakini hakushinda Safari hata mara moja. Ni Patrick Njiru wa Kenya. Mwaka 1993 Subaru ilipeleka magari matatu madogo sana aina ya Vivio, yenye injini ya 660, gari ambalo mtu wa Uvira angeliona la kupelekea watoto shuleni. Moja alipewa Mskoti Colin McRae, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia. McRae alikimbia kama moto, gari likavunjika. La Mjapani nalo halikufika. La Njiru lilifika, nafasi ya 12, la kwanza katika kundi lake. Mwaka uliofuata, kwa Subaru kubwa zaidi, alimaliza wa 4, katika Safari ambayo mshindi alikuwa Mkenya mwenzake Ian Duncan.

"Watatu walipewa gari moja," alisema mzee. "Mmoja alisikiliza gari linasema nini."

Hoja hiyo ina uzito kuliko vijana walivyokubali. Hesabu ya ushindi haionyeshi gari ulilopewa, wala njia uliyopitia, wala nani alikulipia tairi. Mama mmoja anayeuza chakula hapo hapo aliongeza swali lake: wanawake hamna kwenye orodha yenu? Akajibiwa yupo Susan Muwonge, aliyekuwa bingwa wa taifa wa Uganda mwaka 2011, mwanamke wa kwanza kufika hapo. Mama akataka aandikwe, akaandikwa.

Mwaka ule ule wa 2010 ambao Wamarekani walifungua nyumba yao, Sange inaukumbuka kwa jambo lingine. Jioni ya tarehe 2 Julai, gari la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka katikati ya mji. Mafuta yalimwagika, watu wakakaribia, wengine na vyombo, wengine kwa kutazama tu. Moto ulipolipuka ulifika hadi kwenye nyumba ambamo watu walikuwa wamejaa wakitazama Kombe la Dunia. Walikufa watu zaidi ya 230, wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Jioni ile mzee alikuwa akitoka Luvungi na kamyo yake. Alisimamishwa Luberizi, akaona anga la upande wa Sange limekuwa jekundu. Hakufika siku hiyo.

Ndiyo maana neno "mbio" halimfurahishi. Vijana wa kituo, ambao wengi walikuwa watoto wadogo mwaka ule, hushindana nani anafika Uvira kwa dakika chache, abiria wawili nyuma na mzigo mbele. Mzee alipoulizwa rekodi yake mwenyewe ni ipi, hakutaja dakika. Alisema kila safari alibeba watu juu ya mzigo, akipanda Ngomo wakati wa mvua, upande mmoja mlima, upande mwingine shimo, na wote walishuka wazima isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alimtaja kwa jina.

Kijana hakuacha kumtaka Mehta awe wa kwanza. Alikubali tu kwamba Njiru awe wa pili, mbele ya Joginder, jambo lililoanzisha ubishi mpya na watu wa Fuso. Kisha mtu akauliza kama Sange nayo inaweza kupendekeza dereva wake, na hapo orodha ilikwama. Madereva walitajwa, wengine marehemu, wengine wako Uvira wanauza duka. Lakini wapiga kura wa Charlotte wanasoma karatasi, na Safari ilikuwa na karani wake mwenye saa kila kituo. Kwenye barabara namba 5 vituo vipo, vizuizi vipo, na daftari pia zipo. Zinaandika namba ya gari na pesa iliyolipwa.