Mwamba Ngoma na Kiwambo cha Rununu

Kabla ya kuwa sehemu ya rununu, kiwambo kilikuwa sehemu ya ngoma. Neno lenyewe linatokana na kitenzi wamba, yaani kuvuta ngozi au kitambaa na kukikaza juu ya kitu kilicho wazi. Fundi huilowesha ngozi, akaitandaza juu ya mzinga, akaivuta na kuikaza kwa vigingi. Wahenga walimtazama fundi huyo akiwa kazini wakasema: mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Leo neno lilo hilo hutajwa na wengi nchini Kenya wanapozungumzia uso wa simu. Makala haya yanauchukua msemo wa fundi wa ngoma na kuupima juu ya kitendo kimoja cha siku hizi, nacho ni kurekodi kiwambo cha simu kwa ajili ya kuhifadhi fasihi simulizi.

Kurekodi kiwambo ni kuiamuru simu ihifadhi, katika umbo la video, kila kinachopita juu ya uso wake. Simu za Android ziliruhusu programu za kawaida kuifanya kazi hiyo kuanzia toleo la 5, lililotoka mwaka wa 2014. Simu za iPhone zikapata kitufe chake mwaka wa 2017, na mwaka wa 2020 Android nayo ikakiweka kitufe kama hicho ndani ya mfumo wenyewe. Wachezaji wa michezo ya simu na walimu wa mtandaoni walikizoea mapema. Mwanafunzi wa fasihi simulizi alisukumwa kwake na maradhi.

Tarehe 13 Machi 2020, Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Vyuo vikuu vikafungwa mwezi uo huo, na kuanzia tarehe 6 Aprili hadi tarehe 7 Julai haikuruhusiwa kuingia wala kutoka jijini Nairobi. Mwanafunzi aliyetarajia kwenda nyanjani kukusanya ngano akabaki chumbani, na fanani wake akabaki kijijini. Baina yao palisalia daraja moja tu, nalo ni simu ya video.

Muhuru Bay ni miongoni mwa vijiji vilivyobaki upande wa pili wa daraja hilo. Iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Omena huvuliwa huko usiku kwa mwangaza wa taa, na kukipambazuka huanikwa juu ya nyavu zilizotandazwa ufuoni. Lugha inayotawala sokoni na nyumbani ni Dholuo. Hata hivyo, familia nyingi za mwambao huo, sawa na jamaa zao wa Gwassi, Rusinga na Mfangano katika Kaunti ya Homa Bay, ni za nasaba ya Abasuba, na lugha ya mababu zao ni ya Kibantu. Mwanafunzi wa Kiswahili huutambua undugu huo mara moja, kwani aba- ya Abasuba ndiyo wa- ya Waswahili. Kwa vizazi kadhaa Kisuba kimekuwa kikiipisha Dholuo, na UNESCO imekiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Kisiwani Mfangano, vijana wa kituo cha Ekialo Kiona waliwahi kuanzisha redio ya kutangaza kwa Kisuba. Kwingineko lugha hiyo imebaki vinywani mwa wazee, tena si kila siku.

Mmoja wa wazee hao alikuwa nyanya wa binti fulani aliyekwama Nairobi. Binti huyo alikuwa akisomea Kiswahili na alihitaji ngano za kwao kwa ajili ya tasnifu. Nyanya alizitamba ngano kwa Dholuo, lakini nyimbo zilizokuwa ndani ya ngano zilikuwa za Kisuba. Hadithi ilikuwa imehamia lugha mpya, wimbo ukakataa kuhama. Kwa hiyo alichokitaka mjukuu zaidi ya vyote ni wimbo.

Nyanya alikuwa na simu ya mulika mwizi, isiyojua video wala intaneti. Simu ya kisasa iliazimwa kutoka kwa mwana wa jirani, mchuuzi wa omena. Saa ilichaguliwa na nyanya: baada ya chajio. Katika jamii nyingi za Kenya ngano ni za usiku, naye hakuona sababu ya korona kuibadilisha mila hiyo. Mjukuu akaomba idhini ya kurekodi. Nyanya akauliza kitakachorekodiwa kitakaa wapi. Alipoambiwa kuwa kitakaa ndani ya simu ya Nairobi, alikubali kwa sharti moja: kitakachochukuliwa kirudishwe Muhuru, naye akisikie. Watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kusogea karibu na mwangaza wa simu. Ngano ikatambwa, wimbo ukaimbwa, watoto wakauitikia.

Video ilipofunguliwa baadaye ilikuwa bubu. Uso wa nyanya ulikuwapo, midomo ikicheza, mikono ikipaa na kushuka, lakini sauti haikuwapo hata chembe. Jambo hili limewapata wengi, na lina sababu yake. Mifumo ya simu nyingi huzizuia programu nyingine zisinase sauti ya mazungumzo yanayoendelea, kwa nia ya kuilinda faragha ya wanaozungumza. Maikrofoni inapokuwa imeshikwa na programu ya kupigia simu, kirekodi cha kiwambo hupewa kimya. Huhifadhi kinachoonekana na kukiacha kinachosikika. Kwa mchezaji wa michezo ya simu hasara hiyo ni ndogo. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi hiyo ndiyo hasara yenyewe.

Video hiyo bubu ilikuwa na jambo la pili la kushangaza. Juu ya paji la uso wa nyanya palikuwa na saa, alama za nguvu za mtandao, na kiasi cha chaji kilichobaki katika simu ya mjukuu. Katikati ya ngano uliteremka ujumbe wa M-Pesa, ukamfunika nyanya macho kwa muda, kisha ukapanda. Baadaye ukaja mwingine, wa rafiki aliyekuwa akidai pesa zake. Kila kilichokuwa cha mjukuu kilikuwa kimerekodiwa kwa ukamilifu. Cha nyanya kilichokosekana kilikuwa sauti, na bila sauti hapakuwa na ngano.

Hapo ndipo msemo wa fundi wa ngoma unapopata mahali pake. Kurekodi kiwambo si kumrekodi fanani. Ni kurekodi alichokiona mpokeaji, kwenye simu ya mpokeaji, kikiwa kimezingirwa na mambo ya mpokeaji. Nyumba, moshi wa jikoni, watoto walioketi nje ya upeo wa kamera, na upepo wa ziwa, havikuwamo. Ngozi ilikuwa imevutwa upande wa Nairobi, tena bila ya yeyote kukusudia.

Juma lililofuata mjukuu alijaribu tena. Safari hii aliweka simu ya pili kando ya spika ya ile ya kwanza, imnasie sauti kama kinasa sauti cha kawaida. Mbinu hiyo ni nyepesi, na huifaa kazi ya namna hiyo. Nyanya aliirudia ngano mwanzo hadi mwisho, lakini alipofika penye wimbo aliupita, akausimulia kwa maneno matatu na kuendelea. Watoto hawakuwapo usiku huo. Alipoulizwa, alijibu kwamba wimbo ule una wenyewe wa kuuitikia, na kuuimba peke yake kungekuwa kama kubisha hodi katika nyumba isiyo na mtu. Vitabu vya nadharia huliita jambo hili utendaji, na mwanafunzi hulijibu vizuri katika mtihani. Nyanya alilijibu kwa kunyamaza.

Wimbo ulipatikana Julai, njia zilipofunguliwa, mjukuu alipofika nyumbani na watoto wakakaa chini tena. Ulirekodiwa kwa simu mbili, moja ya picha na moja ya sauti. Kisha sauti ikanakiliwa kwenye kadi ya kumbukumbu, na kadi ikatiwa ndani ya redio ndogo ya betri, ya aina inayouzwa katika masoko mengi ya Kenya. Nyanya akajisikia. Akasahihisha neno moja aliloona amelitamka vibaya, na likarekodiwa upya. Hivyo sharti lake likatimizwa, na matini ikawa bora kuliko ambavyo ingekuwa kama sharti hilo lisingaliwekwa.

Yamkini msomaji atasema kwamba nyanya huyo alibahatika kuulizwa. Ni kweli, na hapo ndipo penye hatari. Zama za kanda, kinasa sauti kiliwekwa katikati ya baraza. Kila mtu alikiona, alisikia kitufe kikibonyezwa, na aliyekuwa na neno la siri alilimeza. Kirekodi cha kiwambo hakikai barazani. Alama yake ndogo huonekana kwenye simu ya anayerekodi, na fanani aliye upande wa pili aghalabu hana njia ya kujua. Anaweza kuwa anamsalimu mjukuu wake, kumbe anaandikiwa sura ya pili ya tasnifu. Chombo hiki kimeongeza uwezo wa kukusanya na, wakati uo huo, kimeuondoa ule uwazi uliomlinda anayekusanywa.

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano wa ngozi iliyovutwa mbali. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alipita Kenya akirekodi muziki. Huko Kapkatet aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo uliokuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Chemirocha. Rekodi zake zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka wa 1954. Nakala zilirejeshwa kwa wanajamii zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa, wengi wa walioimba wakiwa wametangulia mbele ya haki. Hakuna anayekana kwamba bila Tracey nyimbo nyingi zingepotea. Hata hivyo, msichana aliyeimba na kukaa maisha yake yote bila kuisikia sauti yake alidhulumiwa kitu, hata kama hakuna aliyekusudia kumdhulumu.

Sheria za Kenya zimeanza kuiona dhuluma hiyo. Sheria ya mwaka wa 2016 inayolinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inazitambua jamii kuwa wenye mali hiyo, na inadai idhini yao itafutwe mapema. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka wa 2019 nayo inaihesabu taarifa yoyote ya mtu anayetambulika, ikiwemo sura na sauti yake, kuwa data yake. Lakini sheria hukaa katika magazeti rasmi ya serikali, ilhali kitufe kipo chini ya kidole gumba. Kinachohitajika ni mazoea ya kazi yanayofundishwa darasani, sambamba na uainishaji wa tanzu.

Mazoea hayo si mageni wala si ghali. Idhini iombwe kabla ya kitufe kubonyezwa, na irekodiwe kwa sauti ya fanani mwenyewe. Arifa za simu zizimwe, ili uso wa mzee usifunikwe na madeni ya kijana. Simu ya pili ihifadhi sauti. Mtu aliye upande wa fanani aombwe kuizungusha kamera, hadhira nayo ionekane, na majina ya waitikiaji yaandikwe wakiridhia. Mwisho, nakala irudi kwa mwenyewe, katika chombo anachoweza kukifungua, iwe ni kadi ndani ya redio ya betri.

Mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kwamba fasihi ya Mwafrika, ikiwemo fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Dai hilo lilishinda, na leo fasihi simulizi hufundishwa katika idara za Kiswahili nchini Kenya. Swali lililobaki ni la masafa: baada ya tasnifu kukabidhiwa na shahada kutolewa, ngano ya Muhuru iko umbali gani kutoka Muhuru? Wanafunzi wanaojiandaa kwenda nyanjani, kwa miguu au kwa simu, wanaweza kulijibu kwa kuandika katika pendekezo lao la utafiti sentensi moja zaidi: nakala itarudishwa lini, kwa nani, na kwa chombo gani. Nao wasimamizi wana haki ya kukataa kutia sahihi pendekezo lisilokuwa na sentensi hiyo.